Kununua nyumba nchi ya watu: kwanza jua unauziwa nini

Wadau, swali hili halichoki kurudi. "Hivi Mtanzania anaweza kununua nyumba Mombasa?" "Mtu aliyeko Muscat anaruhusiwa kumiliki fleti kule?" "Mjomba kachukua uraia wa Uingereza, sasa anataka kiwanja Bagamoyo, inakuwaje?" Majibu mengi yanayozunguka mtaani ni ya kusikia kwa fulani, na huyo fulani naye kasikia kwa dalali. Leo tuyapange nchi moja moja, halafu tumalizie na hatua za kufuata kabla hujatoa hata senti. Toa nakala, weka kwenye faili, na ndugu aliyeko ughaibuni mtumie.

Jambo la kushika tangu mwanzo ni hili: neno "kununua" halina maana moja kila nchi. Kuna mahali unanunua ardhi na kila kilicho juu yake, inakuwa yako na ya wajukuu zako. Huu ndio umiliki wa kudumu, wengine wanauita frihodi. Kuna mahali unanunua miaka tu, 99 au 66 au 33, na ikiisha haki inarudi kwa mwenyewe. Hiyo ndiyo lisi. Kuna mahali unanunua kuta za fleti yako ghorofa ya saba, pamoja na fungu lako katika ngazi, lifti na kiwanja mnachochangia na wenzako. Na kuna mahali unalipa hela yote, unapewa funguo, unahamia, halafu kisheria hujanunua kitu, kwa sababu sheria ya pale haimruhusu mgeni kushika kile ulichouziwa.

Tangazo la nyumba haliwezi kukueleza tofauti hiyo. Picha ni zile zile na bei inaweza kuwa ile ile. Kwa hiyo kabla ya bei uliza mambo matatu: mgeni anaruhusiwa kushika nini hapa? Kwa muda gani? Na jina litakaloandikwa kwenye hati ni la nani?

JUMUIYA HAIJAFUTA MIPAKA YA ARDHI

Tuanze na hili maana linawapoteza wengi. Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki ilianza kutumika tarehe 1 Julai 2010. Watu wakasikia bidhaa huru, wafanyakazi huru, mitaji huru, wakahitimisha kwamba na ardhi imefunguliwa. Sivyo. Ibara ya 15 ya itifaki hiyo inasema kwamba kupata na kutumia ardhi na majengo kutaongozwa na sera na sheria za kila nchi mwanachama. Maana yake Mkenya akifika Arusha, au Mtanzania akifika Kampala, kwenye suala la ardhi ni mgeni kama Mjerumani. Kitambulisho cha Jumuiya hakibadilishi kitu pale ofisi ya ardhi.

KENYA

Kenya mambo yako wazi na yameandikwa kwenye Katiba ya 2010, ibara ya 65. Asiye raia anaweza kushika ardhi kwa lisi tu, na lisi hiyo haizidi miaka 99. Mkataba ukiandikwa kwamba mgeni kapewa zaidi ya hapo, sheria inausoma kama lisi ya miaka 99, basi. Hata wageni waliokuwa na frihodi kabla ya Katiba hiyo, haki yao iligeuzwa kuwa lisi ya miaka 99.

Wajanja wakasema tutapitia kampuni. Katiba ikawatangulia: kampuni inahesabiwa ya raia pale tu inapomilikiwa YOTE na raia. Mgeni mmoja mwenye hisa chache anatosha kuifanya kampuni nzima iwe ya kigeni kwenye mambo ya ardhi.

Sasa jibu la lile swali: ndiyo, Mtanzania anaweza kununua fleti Nairobi au nyumba Mombasa, kihalali kabisa. Lakini angalia mawili. La kwanza, miaka iliyobaki. Kama lisi ya anayekuuzia ilianza zamani na imebaki miaka 41, wewe unanunua 41, huanzi upya na 99. La pili, ardhi ya kilimo. Sheria ya Udhibiti wa Ardhi ya 1967 inataka mauzo ya ardhi ya kilimo yapate kibali cha bodi, na bodi hairuhusiwi kumpa mgeni kibali hicho mpaka Rais atoe msamaha. Bila kibali, mauzo ni batili. Ndiyo maana zile "ploti" za nje ya mji zinazouzwa kwa bei ya kutupa ni mtego kwa mgeni: kwenye tangazo ni kiwanja cha makazi, kwenye daftari la serikali bado ni shamba.

Kwa fleti kuna sheria ya mwaka 2020 inayotaka kila nyumba ndani ya jengo iwe na hati yake yenyewe. Ukiambiwa "hati ya jengo zima anayo mwenye mradi, wewe utapewa mkataba tu", simama hapo hapo uulize hati ya fleti yako itatoka lini na nani analipia.

UGANDA

Uganda nao wanampa mgeni lisi tu, isiyozidi miaka 99. Hivyo ndivyo ilivyo kwenye Katiba ya 1995 na Sheria ya Ardhi ya 1998. Frihodi na mailo ni za raia.

Mailo ndiyo inayowachanganya wageni. Ni mfumo uliotokana na mkataba wa Buganda wa mwaka 1900, na sehemu kubwa ya ardhi ya Kampala na maeneo yanayouzunguka ni ya mfumo huo. Mwenye mailo anaweza kukukatia lisi, hilo halali. Tatizo ni kwamba juu ya ardhi hiyo hiyo kunaweza kuwa na watu wenye kibanja, yaani wakazi ambao sheria inawatambua na kuwalinda wasifukuzwe ovyo. Hati inaweza kuwa safi kabisa, haina rehani wala zuio, halafu ukifika kwenye eneo unakuta familia nne, migomba na makaburi. Hao wanakuja na ardhi. Kwa hiyo Uganda usinunue karatasi bila kuiona ardhi kwa macho.

TANZANIA BARA

Huku ardhi yote ni ya umma, na Rais ndiye mdhamini wake kwa niaba ya wananchi. Hata raia hana frihodi, ana haki ya kumiliki kwa muda, mara nyingi miaka 33, 66 au 99. Kwa mgeni mlango ni mwembamba zaidi. Sheria ya Ardhi ya 1999, kifungu cha 20, inasema asiye raia hapewi ardhi isipokuwa kwa ajili ya uwekezaji chini ya sheria ya uwekezaji. Anayepita njia hiyo anapewa hati isiyo asili: ardhi inabaki kwa mamlaka ya uwekezaji ya serikali, yeye anapewa haki ya kuitumia kwa mradi ulioidhinishwa. Nyumba ya kukaa na mkeo na watoto siyo mradi. Na kampuni ambayo wenye hisa wengi ni wageni, nayo ni mgeni.

Sasa turudi kwa mjomba wa Bagamoyo. Kwa Sheria ya Uraia ya 1995, Mtanzania mtu mzima anayechukua uraia wa nchi nyingine kwa hiari yake anaupoteza ule wa Tanzania. Kazaliwa Bagamoyo, kasoma Bagamoyo, mama yake kazikwa Bagamoyo, lakini siku aliyoapa kule London alikuwa mgeni mbele ya kifungu cha 20. Hii ndiyo nchi ya kigeni inayouma kuliko zote, maana ni kwenu. Mkenya aliye katika hali hiyo hana shida hii, kwa sababu Katiba ya 2010 inaruhusu uraia wa nchi mbili.

Kilio cha diaspora kilisikika. Mwaka 2024 ulitoka muswada wa kurekebisha Sheria ya Uhamiaji na Sheria ya Ardhi ili watu wenye asili ya Tanzania walio na uraia wa nje wapewe hadhi maalum. Ila tuelewane: hadhi maalum si uraia, na haikuji yenyewe kwa sababu unaitwa Juma na unaongea Kiswahili. Inaombwa na inapewa kwa maandishi. Ndugu yako aende kwanza Uhamiaji au ubalozini aulize masharti yalivyo siku hiyo, akishashika karatasi mkononi ndipo aanze kutafuta kiwanja. Asianze na kiwanja.

ZANZIBAR

Ardhi si jambo la Muungano, kwa hiyo yote uliyosoma hapo juu yaache Dar. Zanzibar ina sheria zake, kubwa ikiwa ile ya umiliki wa ardhi ya mwaka 1992. Mgeni kule anapata ukodishaji. Lakini kuna sheria ya mwaka 2010 ya majengo yenye nyumba nyingi ndani yake, na hiyo ndiyo iliyofungua soko la fleti kwa wageni kwenye miradi iliyoidhinishwa na mamlaka ya uwekezaji, ZIPA. Fumba ndiko kunakojulikana zaidi. Uwekezaji wa kuanzia dola 100,000 kwenye miradi ya aina hiyo unaendana na kibali cha ukaazi.

Kitu cha kuuliza Zanzibar: mradi huu umeidhinishwa na nani, na namba ya idhini ni ipi? Nyumba ya ufukweni anayouza mtu binafsi, ambayo haiko ndani ya mradi wowote, ni habari nyingine kabisa hata kama ni nzuri kiasi gani.

DUBAI NA OMAN

Hapa ndipo matangazo yamejaa. Dubai ilipitisha sheria namba 7 ya mwaka 2006: raia wa Emirates na wa nchi za Ghuba wananunua popote, wageni wengine wananunua kwenye maeneo yaliyotengwa. Ndani ya maeneo hayo mgeni anaweza kupata umiliki wa kudumu kabisa, au haki ya matumizi au lisi ya hadi miaka 99. Kwa hiyo Dubai kwa upande huu imemfungulia mgeni kuliko Nairobi au Kampala. Lakini uliza eneo. Mtaa huu mgeni ruksa, mtaa wa pili hapana.

Nyumba nyingi zinazotangazwa ni zile ambazo bado ziko kwenye ramani. Unaanza kulipa kidogo kidogo wakati jengo halijainuka. Mwaka 2007 ilitoka sheria inayotaka hela za wanunuzi ziingie kwenye akaunti maalum ya amana ya mradi, siyo mfukoni kwa mjenzi. Mtu akikwambia lipia kwenye akaunti ya "ofisi yetu" ili upate punguzo, huyo keshakwambia yeye ni nani. Na usisahau mwaka 2008 na 2009, bei za Dubai ziliporomoka vibaya na miradi mingi ikasimama. Waliokuwa wamelipa nusu walibaki na nusu ya shimo.

Oman nako kuna Waswahili kibao, na wengi wana pasipoti za Kenya au Tanzania. Tangu mwaka 2006 mgeni anaruhusiwa kununua kwenye maeneo maalum ya utalii na makazi, kwa mfano Al Mouj pale Muscat, na kumiliki kule kunakuja na ukaazi. Nje ya maeneo hayo, kuwa na babu aliyezaliwa Nizwa hakukusaidii mpaka uwe na uraia wenyewe.

UINGEREZA, MAREKANI, NA WALIOFUNGA MLANGO

Uingereza haimzuii mgeni kununua. Ila inamtoza. Kwa England na Northern Ireland, asiye mkazi anaongezewa asilimia 2 ya ushuru tangu Aprili 2021, na mwenye nyumba nyingine popote duniani, hata ile ya Kimara, anaongezewa asilimia 5 tangu mwisho wa Oktoba 2024. Piga hesabu ya nyumba ya pauni 200,000 kwa viwango vya kuanzia Aprili 2025. Mkazi wa kule anayenunua nyumba yake ya kwanza kabisa maishani halipi kitu. Wewe unayenunua ukiwa Dar, na una nyumba Dar, unalipa pauni 15,500. Na fleti nyingi za kule ni lisi, kwa hiyo swali la miaka iliyobaki linakufuata mpaka London.

Marekani nayo kwa ujumla mgeni ananunua, ingawa baadhi ya majimbo yameweka vizuizi kwa raia wa nchi fulani. Kinachowashangaza watu ni wakati wa kuuza: kwa kawaida asilimia 15 ya bei anayouzia mgeni inazuiwa kwa ajili ya kodi, ndipo baadaye adai kilichozidi. Kuna pia kodi ya nyumba kila mwaka, na usipoilipa nyumba inaweza kupigwa mnada.

Wapo waliofunga mlango. Kanada iliwazuia wageni wasio wakazi wa kudumu kununua nyumba za makazi kuanzia tarehe 1 Januari 2023, kisha ikaongeza muda hadi tarehe 1 Januari 2027, ingawa kuna misamaha kadhaa. Australia imewazuia wageni kununua nyumba zilizokwisha kujengwa kuanzia Aprili 2025 hadi mwisho wa Machi 2027. New Zealand ilibana tangu 2018. Na jambo la kukumbuka popote: kununua nyumba na kupata viza ni vitu viwili tofauti. Dubai nyumba ya dirhamu milioni 2 inaweza kukupa viza ya miaka 10. London nyumba ya pauni milioni 2 haikupi hata siku moja ya kukaa.

"TUANDIKE JINA LAKO TU, MPWA WANGU"

Haya, sasa tufike kwako wewe unayesoma hapo kafe. Huna hela ya nyumba leo, sawa. Lakini ndugu aliyeko nje anaweza kukupigia kesho akakwambia: natuma hela, kiwanja kiandikwe jina lako, mimi na wewe tunajuana. Au Mzungu rafiki wa rafiki anataka nyumba ya ufukweni na anakupa dili. Inaonekana fadhila. Ni mzigo kwa pande zote mbili.

Kwa mwenye hela: mbele ya sheria mwenye nyumba ni yule aliyeandikwa. Mpwa akifa, nyumba inaingia kwenye mirathi yake, inagawiwa mkewe na watoto wake. Mpwa akidaiwa, wadai wanaifuata. Mpwa akiachana na mkewe, nyumba inahesabiwa. Mpwa akiiweka rehani, benki haikujui wewe. "Mtaandikiana mkataba wa pembeni," anasema dalali. Mkataba huo ukiupeleka mahakamani unakuwa umepeleka ushahidi kwamba ulijua sheria inakukataza na ukaizunguka. Usitegemee mahakama ikusaidie kuvunja sheria.

Kwa mwenye jina: kodi ya pango la ardhi inadaiwa kwako. Ukiulizwa umepata wapi hela ya nyumba wakati huna kazi, wewe ndiye unayejibu. Jirani akishtaki kuhusu mpaka, wito unakuja kwako. Na siku mjomba akikasirika, ukoo mzima utaambiwa umemwibia. Familia ngapi hazizikani leo kwa sababu ya kiwanja kilichoandikwa jina la mtu mwingine?

Zipo njia halali. Kama lengo ni mama apate pa kukaa, basi iwe nyumba ya mama kweli, kwa jina la mama, zawadi, na usiidai tena. Kama mke au mume ni raia, anunue yeye kwa haki yake na wewe ukubali kwamba ni yake. Kama hujui utakaa miaka mingapi, panga. Kupanga nyumba miaka mitano si aibu, na hakuna sheria inayomnyima mgeni kupanga chumba. Kama sheria ya hadhi maalum inakuhusu, iombe kwanza.

HATUA KABLA YA KUTOA HELA

1. Tafuta wakili WAKO. Siyo wa muuzaji, siyo yule aliyeletwa na dalali. Hakikisha jina lake liko kwenye orodha ya mawakili wa nchi hiyo. Mwambie kabisa una pasipoti gani, maana wengine wanaficha kisha wanashangaa.

2. Fanya sachi kwenye daftari la serikali. Inakuonyesha mwenye hati ni nani, aina ya haki, miaka iliyobaki, rehani na mazuio. Kenya kuna mfumo wa Ardhisasa uliozinduliwa Aprili 2021, ukaanzia Nairobi. Dubai kuna programu ya simu ya idara ya ardhi, Dubai REST. England mtu yeyote duniani anaweza kulipa pauni 7 kwenye tovuti ya HM Land Registry akapata nakala ya daftari la nyumba. Picha ya hati iliyotumwa kwenye simu siyo sachi.

3. Nenda ukaone, au mtume mtu asiye na maslahi. Ongea na majirani, mwenyekiti wa mtaa, chifu, LC1 kule Uganda. Uliza nani anakaa hapo na tangu lini. Ukiambiwa "njoo uone lakini usiongee na majirani", geuza.

4. Muulize muuzaji kuhusu mke au mume. Kenya, Uganda na Tanzania, nyumba ya familia haiuzwi bila ridhaa ya mwenzi. Ridhaa iwe ya maandishi, mwenzi awepo, siyo "mke wangu yuko kijijini, hana neno".

5. Mkataba kwanza, hela baadaye. Kenya kwa kawaida malipo ya mwanzo ni asilimia 10, yanashikwa na wakili mpaka mauzo yakamilike, na muda wa kukamilisha ni siku 90. Mtu anayetaka nusu ya hela leo jioni kwa sababu "kuna mteja mwingine" mwache huyo mteja mwingine anunue.

6. Lipa benki kwa benki. Wezi wanaingia kwenye barua pepe za mawakili na kutuma ujumbe kwamba akaunti imebadilika. Ukipata ujumbe wa namna hiyo piga simu kwa namba uliyokuwa nayo tangu mwanzo, siyo iliyoandikwa kwenye ujumbe. Na kama unatuma hela kutoka Tanzania, ongea na benki yako mapema, maana kutoa mtaji nje ya nchi kuna kanuni za Benki Kuu. Tunza kila risiti ya uhamisho. Siku ukiuza utaulizwa hela ya mwanzo iliingiaje. Mali bila daftari hupotea bila habari.

7. Sajili. Kukabidhiwa funguo siyo mwisho. Mpaka jina lako liingie kwenye daftari, nyumba bado inasomeka ya mwenzio, na anaweza kuiuza mara ya pili.

GHARAMA AMBAZO HAZIKO KWENYE TANGAZO

Chukua nyumba ya shilingi milioni 10 za Kenya iliyoko mjini. Ushuru wa stempu ni asilimia 4, yaani laki nne, bado wakili, bado mthamini. Vijijini ni asilimia 2. Dubai fleti ya dirhamu 600,000 ina ada ya usajili asilimia 4, sawa na 24,000, na dalali mara nyingi anachukua asilimia 2, sawa na 12,000. Hapo hujalipa ada ya huduma ya jengo, ambayo inakuja kila mwaka ukiwa unakaa au hukai, lifti ikiwa nzima au mbovu. Kisha ongeza nauli za kwenda na kurudi, tafsiri za nyaraka, na mihuri ya ubalozi. Kama hela yote uliyonayo inalingana na bei ya nyumba, basi hela hiyo haitoshi kuinunua.

Kuna pia sarafu. Ukikopa au ukiahidi kulipa kwa dola huku mshahara wako ni wa shilingi, kila shilingi ikishuka nyumba inapanda bei bila mtu kuigusa. Dirhamu imefungwa kwenye dola, 3.6725 kwa dola moja, kwa hiyo deni la dirhamu ni deni la dola lenye jina lingine.

UKIFA, NYUMBA INAKWENDA WAPI?

Watu hawapendi kuuliza, ila ndilo swali lenyewe, maana nyumba wengi tunawanunulia watoto. Kwa kawaida nyumba inarithiwa kwa sheria ya nchi ilipo, siyo ya nchi unayotoka. Dubai Mwislamu anarithiwa kwa sheria ya Kiislamu, na asiye Mwislamu anaweza kuandika wosia na kuusajili huko huko. Kenya watoto wako wageni watarithi lisi na miaka iliyobaki, siyo zaidi. Andika wosia unaotambulika pale nyumba ilipo, na angalau mtu mmoja wa nyumbani ajue hati iko wapi, wakili ni nani, na ada zinalipwa lini. Kuna fleti zinaendelea kudaiwa ada za huduma huku wenye urithi hawajui hata jina la mtaa.

Ukirudi kwenye yale maswali matatu, kila kitu kilichoandikwa hapa kiko ndani yake: unaruhusiwa kushika nini, kwa miaka mingapi, na kwa jina la nani. Anayekuuzia akishindwa kukujibu hata moja kwa karatasi, siyo kwa mdomo, hela yako iache ilipo. Sheria hizi zinabadilika, kwa hiyo siku ukiwa tayari hakikisha upya na wakili wa pale pale.

Mdau ambaye amewahi kupita njia hii, iwe Nairobi, Fumba, Sharjah au Leicester, weka maoni hapo chini uwafungue macho wenzako. Ila majina ya watu na namba za simu tusimwage hapa. Tuko pamoja.